Zawadi na Mijeledi ya Mtamani

Jumatatu, 2 Juni
Ndege kwelea kwelea wameshuka. Mtama haujakauka nao wameshaanza. Nimekamua, nimechemsha uji, nimemwamsha Zawadi. Alikuwa amelala chini ya kitanda tena. Wiki ya tatu hii. Afisa ustawi alimtoa kwenye mashamba ya vitunguu, alikokuja na vibarua bila hata mtu wake mmoja. Miaka kumi na mmoja. Kwao Kongo, vita imewamaliza. Mimi ni mlezi wa muda mpaka ndugu yake apatikane. Nilifundishwa siku mbili Karatu mjini: usimhoji, usimpige, andika mwenendo wake kwenye daftari la ofisi. Lile naliandika. Hili ni langu.

Jumatano, 4 Juni
Anaosha vyombo vizuri kuliko mimi. Kiswahili cha kwao kinanichekesha, nikicheka naye anatabasamu kidogo. Amempenda Paulina, mtoto wa jirani, miaka minne. Anambeba mgongoni kutwa. Mama Paulina kafurahi, kapata wa kumshikia mtoto. Mimi pia nimefurahi, nisiseme uongo.

Ijumaa, 6 Juni
Siku mbaya. Kosa ni langu.

Kila mtu hapa Endamarariek anajua ndege wa mtama hufukuzwa kwa mjeledi wa katani. Ukiupiga hewani unalia kama bunduki. Tumeuzoea tangu utoto, hata hatuusikii. Sikumwambia Zawadi. Halikunipitia kichwani kabisa. Saa tatu asubuhi kibarua wa Mama Paulina, mtu wa Singida, akaanza kupiga. Mimi niko mashineni, nasaga. Kurudi, Zawadi hayupo, Paulina hayupo.

Tumetafuta mpaka saa nane. Walikuwa kwenye korongo mwisho wa shamba. Zawadi kamlalia mtoto, kiganja juu ya mdomo wake. Mdomo wa Paulina umechanika kwa ndani. Wote wawili wamejikojolea. Mama Paulina akamzaba Zawadi makofi mawili. Zawadi hakulia.

Jumamosi, 7 Juni
Mama Paulina anasema Zawadi alitaka kumuua mwanawe. Kalitangaza mpaka kisimani. Bibi wa ukoo wao naye kaibuka na mila: mtu aliyeguswa na damu, kama huyu aliyetoka vitani, hutengwa, haingii nyumba za watu, hashiriki chombo nao, asije akawaletea balaa. Mila hiyo naijua. Mimi mwenyewe nilitengwa mimba yangu ilipoharibika. Na kesho bibi huyohuyo atakaa benchi la mbele kanisani. Wamenichefua.

Nimempigia afisa ustawi. Anakuja Ijumaa. Amesema wazi: majirani wakimkataa, hapa si salama kwake, itabidi apelekwe kituo cha watoto Arusha. Aanze tena na watu asiowajua. Sitaki. Sikujua kama sitaki hivi.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani, benchi zima tulikaa wawili tu. Jioni Zawadi kachukua kikombe chake na sahani yake, kaviweka nje ya mlango. Hakuna aliyemwambia. Nimevirudisha ndani.

Jumatatu, 9 Juni
Tulikuwa tunachambua maharage. Sikumuuliza kitu. Kasema mwenyewe, macho kwenye ungo:

“Mudogo yangu alilia. Sikumufunga kinywa. Bakamusikia.”

Akaendelea kuchambua. Na mimi nikaendelea. Nilikuwa natupa maharage mazima na kubakiza mawe. Baadaye nikamuuliza kama naweza kumwambia Mama Paulina. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza afisa je, faraghani. Akafikiri sana, akakubali.

Jumanne, 10 Juni
Neno lile lingemaliza kila kitu. Nikimwambia Mama Paulina leo, kesho anamkumbatia mtoto. Ulimi unaniwasha. Lakini si langu, na likishafika kisimani halirudi.

Nimekwenda kwake kusema la kwangu. Nilijua habari ya mijeledi na sikumwandaa mtoto. Amlaumu mtu mzima. Nikamwomba waache mijeledi wiki hii, shamba lake nitalinda mimi kwa kelele. Akasema mtama ule ndio chakula chao cha mwaka. Nikasema najua. Kakubali shingo upande, hata kiti hakunipa.

Alhamisi, 12 Juni
Sauti imenikauka. Ndege wamekula upande wa bondeni, naona haya kupita pale. Kibarua wa Singida kaweka mjeledi chini, anaimba nyimbo za kwao kwa sauti mbovu ajabu. Inasaidia. Zawadi hawezi kupaza sauti. Anapunga kanga tu, toka asubuhi mpaka ndege waende kulala. Mama Paulina alisimama mlangoni kwake akimtazama. Muda mrefu.

Ijumaa, 13 Juni
Kikao uani kwangu. Afisa, mwenyekiti wa kitongoji, majirani. Bibi karudia yake. Afisa akamuuliza Zawadi, kwa upole tu, kwa nini alimziba mtoto mdomo. Akainama, akakunja pindo la kanga. Jibu nilikuwa nalo. Nilililaza chini ya ulimi nikatazama miguu yangu.

Mama Paulina ndiye aliyesimama. Alisema jana kamuuliza mwanawe vizuri, bila kumfokea.

“Paulina anasema dada alimwambia anyamaze, wakija wataanza na dada mwenyewe. Mtu anayeua hasemi hivyo. Abaki.”

Bibi kaondoka bila kuaga. Mwenyekiti kaandika kwamba anabaki. Nilimpeleka afisa hadi nyuma ya zizi nikamweleza lile la mdogo wake Zawadi. Hakuandika papo hapo. Alifuta miwani kwanza.

Jumatatu, 16 Juni
Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Mama Paulina anaanza kuvuna. Kapita hapa asubuhi, kamshusha Paulina uani, kamwambia Zawadi amshikie mpaka mchana.

Alipopinda tu kona, Paulina akaanza kumlilia mama yake. Kilio cha kusikika hadi barabarani. Zawadi akaganda. Akatazama njia, akanitazama mimi. Akakaa chini kando ya mtoto, akaficha mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia. Akamwacha alie mpaka akamaliza.