Sakafu ya Ua Wetu

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mamangu mpenzi, Bi Mahfudha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu na kukubusu mikono yote miwili, nje na ndani. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, twalalamikia joto tu. Vipi hali yako, na nyonga ya mama mkubwa Fadhiya yaendeleaje? Nasikia amekataa mkongojo kwa kuwa eti wamzeesha. Mwambie yeye alizeeka kabla ya huo mkongojo, kisha ukimbie.

Utajiuliza kwa nini naandika barua hali simu ninayo. Mama, simu ya huko hupokelewa na mama mkubwa, naye huiweka sauti ya juu hadi mtaa mzima wa Lamu ukajua nimekula nini. Haya ninayotaka kukwambia si ya mtaa. Tafuta pahali ukae, uvae miwani, wala usisome huku umesimama jikoni.

Kazi yangu waijua, ingawa kwa mashoga zako wasema mwanangu huchimba mashimo. Si uongo. Mtu akitaka kujenga mahali palipokuwa na karakana au kituo cha petroli, sisi hutangulia kuuliza pale zamani palifanywa nini. Kisha twatoboa ardhi, twachukua udongo na maji ya kisima, twapeleka maabara, ijulikane kama pale pafaa kukaliwa na watu. Basi juzijuzi tukaletewa kazi Mji wa Kale. Juzer, mtoto wa marehemu mzee Tayebali mwenye nyumba wetu, ataka kujenga shule ya chekechea kwa jina la mamake, Bi Amtulla. Kiwanja chenyewe, mama, ni nyumba yetu ya zamani na ua wake.

Nilimwambia mkubwa wangu pale pale kwamba mimi nimezaliwa humo, si haki niandike ripoti yake. Akasema ataiandika na kuitia sahihi mwenzangu Jared, mimi nimsaidie njia na watu tu, maana Jared ni mtu wa Kisumu na vichochoro vyetu vyampoteza hata mchana kweupe. Nisikufiche, nilifurahi. Nilipoingia uani nikaiona ile sakafu ya saruji aliyoimwaga baba, mbaya vile vile, imebenuka huku na kubonyea kule, nilicheka peke yangu hadi Mung'aro, fundi wetu wa kutoboa ardhi, akaniuliza kama nimepandisha mashetani. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifukuza pale. Raihana, viatu! Raihana, mikono! Ukinisugua kucha kwa kumbi la nazi mpaka vidole vyaniwaka, na kipande cha mkate sikipati mpaka nionyeshe viganja. Watoto wenzangu wakanipa jina la Bi Kunawa. Wallahi nilikuona una wazimu wa usafi.

Jared akaanza kuuliza majirani. Maskini Jared! Alikwenda nyumba kwa nyumba akitaka kujua marehemu baba, Sheikhan, alifanya kazi gani katika ua ule kabla hajashika kushona kofia. Kila mlango alipewa kahawa na kaimati, na kila mlango aliambiwa kwamba marehemu alikuwa mtu wa swala, mpole, hana neno na mtu, Mungu amrehemu. Akiuliza tena, anaongezwa kaimati. Jioni akanilalamikia kwamba amezunguka mtaa mzima, tumbo limemjaa, na alichopata ni kuwa pale uani palifanywa mema. Nilimcheka sana. Nikamweleza kwamba kwetu marehemu husitiriwa, na mgeni hapewi ila habari njema. Nami mwenyewe nilidhani hakuna zaidi, kwa kuwa baba niliyemjua mimi ni wa sindano na kofia.

Kisha yakaja majibu ya maabara. Maji ya kisima ni salama, alhamdulillahi. Lakini chini ya saruji ya baba udongo umejaa risasi, ile risasi nzito ya ndani ya betri za gari, kupita kiasi kinachoruhusiwa mara nyingi. Jared hakulalamika tena habari ya kaimati. Alinieleza nilichokwisha kukisoma chuoni, kwamba mtoto akichezea udongo kama ule na kutia vidole kinywani siku baada ya siku, risasi huingia damuni na kumharibu tumbo na akili, na akizidiwa hufa. Na akasema tusipojua ilikotoka na ilikomwagwa, tutatoa udongo mahali pamoja na kuuacha mwingine pale pale watoto watakapokaa. Juzer kwa upande wake ameshachoka kungoja. Alianza kuuliza kwani kuna ubaya gani kumwaga saruji mpya juu ya ile ya zamani, mambo yakaisha. Na saruji hupasuka, mama. Ya baba imeshapasuka pembeni.

Basi nikaenda kwa Bi Mwanakuu, jirani yetu wa mlango kwa mlango, peke yangu, bila Jared. Alinikumbatia, akanilisha, akaniuliza nitaolewa lini. Kisha nami akanipa yale yale, marehemu babako alikuwa mtu wa swala. Nikamshika mkono nikamwambia mimi si mgeni, mimi ni damu yake, na kama ni sitara basi sisi wenyewe ndio twaifunua, kwa ajili ya watoto wa watu. Akaniuliza kama wewe wajua nimekwenda kwake, na kama umeridhia.

Hapa ndipo penye kukiri kwangu. Nilimwambia ndiyo, mama. Nilikusingizia. Ruhusa ile ilikuwa yako, si yangu, nami niliichukua bila kukuuliza kwa kuwa niliogopa utakataa. Nakuomba radhi, na ukitaka kunigombeza nigombeze, ila maliza kusoma kwanza.

Bi Mwanakuu alijifuta macho kwa leso, akanihadithia. Kwamba kabla sijazaliwa, baba alikuwa akinunua betri mbovu, akizipasua pale uani na kuyeyusha risasi katika karai, akitengeneza vyuma vya kuzamishia nyavu za wavuvi. Maji makali ya betri akiyamwaga kando ya ngazi na nyuma ya jiko. Na kwamba kaka Zakariya, nisiyemjua ila kwa jina, alikuwa akivichezea vile vyuma vidogo vinavyong'aa, akivitia kinywani kama peremende, na hakuna aliyejua kuwa vina madhara. Mimi uliniambia kaka alikufa kwa degedege. Ni kweli, ila hukuniambia lililolileta. Bi Mwanakuu asema daktari aliwaeleza nyote wawili, na mliporudi kutoka makaburini baba aliliponda lile karai kwa nyundo, akaagiza mchanga na saruji, akakataa fundi, akakataa msaada wa mtu yeyote. Ila wewe. Asema wewe ndiye uliyemtekea maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, huku unalia, na hakuna siku hata moja uliyosikika ukimwambia baba kwamba ni yeye.

Nilipotoka kwake nilikwenda moja kwa moja kumtafuta Jared.

Nilimpeleka Jared kando ya ngazi na nyuma ya jiko. Mung'aro akatoboa, na kweli risasi ilikuwako huko, chini zaidi kuliko uani. Juzer alipoelezwa alisema udongo wote utatolewa na kupelekwa panapostahili, na mwingine safi uletwe, hata shule ikichelewa. Jared aliniuliza aandike nini kuhusu marehemu. Nikamwambia aandike kwamba pale paliyeyushwa betri, na mahali gani, basi. Jina hakuliandika.

Mama, sina hasira na baba. Namhurumia tu, alivyokuwa akishona kofia zake kila siku juu ya sakafu ile. Lakini wewe! Miaka yote ile nikikununia kwa ajili ya kumbi la nazi, kumbe kila ulipong'ang'ania mikono yangu ulikuwa ukinizuia nisimfuate kakangu. Nakupenda, mama. Sijui kama nimepata kukwambia hivi waziwazi, basi leo nimesema.

Juzer aliniuliza kama kwetu tuna jambo tunalolitaka katika shule ile. Nilitaka moja tu, bomba la maji mlangoni, fupi, la kimo cha mtoto. Amekubali.

Msalimie sana mama mkubwa Fadhiya, na huo mkongojo wake. Nakungoja urudi tukazuru kaburi la kaka Zakariya pamoja, unionyeshe lilipo. Mungu akulinde na akuweke.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Raihana binti Sheikhan

Nimenawa kabla ya kushika kalamu.