Godoro Lisilokunjika

Biharamulo mjini,
14 Julai 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yangu. Huku hatujambo. Joyness ameota meno mawili ya chini na anamuuma kila anayemkaribia, baba yake akiwemo. Mgongo wa Baba unaendeleaje tangu alipoteleza na gunia la kahawa? Niambie ukweli, usiniandikie tena kwamba "anaendelea vizuri".

Nina jambo. Wazungu wawili wa shirika moja la misaada huko Ngara wamemaliza mkataba wakauza vyombo vyao, na mume wangu Ndassa amenunua magodoro mawili, ya watu wawili wawili, kwa ajili ya duka. Nimeomba moja liwe lenu. Sasa ni kuchagua.

La kwanza ni mpira mtupu, si sponji hizi tunazouza. Ukilibonyeza linarudi mara moja. Ni zito, lakini linakunjika. Nililijaribu na wifi yangu Nyamizi: alipogeuka sikusikia chochote, kana kwamba nimelala peke yangu. La pili lina springi chini na tabaka la mpira juu. Hili halikunjiki kabisa. Anold, dereva wetu, alilileta limesimama kwenye lori kama mlango. Nyamizi alipogeuka nilisikia kidogo. Lakini ukingo wake ni imara. Mtu mwenye mgongo mbovu anaweza kukaa pembeni, akavaa viatu, akainuka bila kuvutwa mkono.

Pima kitanda kwa kamba unitumie. Ndassa hahusiki. Msukuma hawezi kuzungumzia godoro la mama mkwe wake. Analiita "mzigo wa Murukulazo", na nikilitaja anatoka nje.

Mwanao,
Jovina


Murukulazo,
9 Agosti 1996

Kwa mwanangu Jovina,

Marahaba. Tumeipata barua yako kwa mkono wa Anold, na tulifurahi kusikia mko wazima. Sisi tupo. Umetaka ukweli: Baba yako hawezi kwenda kisimani bila kukaa njiani mara mbili. Asubuhi namshika mikono yote miwili ndipo asimame, naye analalamika kwamba namvuta kama mbuzi.

Kamba ya kitanda nimeifunga kwenye barua hii. Pamba ya godoro letu imekuwa mabonge, na katikati pameingia shimo. Mimi mzito, yeye mwepesi. Kila siku anaamka ameteremkia kwangu. Nilimsomea maneno yako naye akasema, "Chukua lenye springi. Nimechoka kulala bondeni." Basi chukua hilo, kwa sababu ya ule ukingo.

Mengine si mazuri. Miti ya kilimani imekwisha yote, imekwenda kupikia kambini kwa wakimbizi. Jirani yetu Priscila ameibiwa mbuzi wawili, na sasa anasimama barabarani akisema kila aliyetoka ng'ambo arudi ng'ambo. Nikamtania, "Hata tulioolewa?" Hakucheka. Unajua nilivuka mto kutoka Rwanda mwaka 1961 nikiwa binti wa miaka kumi na sita, nikaolewa na Baba yako mwaka huohuo. Kwa miaka thelathini na tano sijaulizwa nimetoka wapi. Mwaka huu nimeulizwa mara nne.

Mbusu Joyness, ukijihadhari na meno.

Mama yako,
Eustakia


Biharamulo mjini,
30 Agosti 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila vumbi na mafua.

Kamba imelingana, imezidi vidole viwili tu. La springi nimelifunika kwa turubai nikaandika jina la Baba. Lori limekodiwa kubeba pamba hadi Novemba, kwa hiyo mvumilie. Priscila msimjibu. Mbuzi wakiibiwa watu husema mengi.

Mwanao,
Jovina


Murukulazo,
7 Desemba 1996

Kwa mwanangu Jovina,

Salamu nyingi kwako na kwa mjukuu wangu. Hatujambo kiasi.

Nimebadili mawazo. Usilete la springi, lete la mpira. Lakini kwanza nijibu haya. Je, linakatika kwa kisu bila kuharibika? Nusu yake ina uzito gani? Likikunjwa na kufungwa kamba, mwanamke anaweza kulibeba kichwani mwendo wa siku moja au mbili? Likilowa mvua linakauka?

Utakuwa umesikia tangazo. Wanyarwanda wote wa kambini wanatakiwa wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha.

Jibu upesi. Kuna mtu atapita hapo Jumatano akirudi huku.

Mama yako,
Eustakia


Biharamulo mjini,
11 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana najua hutaniambia.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikalibonyeza lile godoro kana kwamba lingenieleza. Haya majibu. Ndiyo, linakatika, kisu kirefu, ukinoa. Nusu yake ni kilo kumi na nne kwa mizani yetu. Mwanamke mwenye nguvu atalibeba siku moja, siku ya pili atalitupa. Likilowa halikauki kwa wiki nzima.

Mimi nimejibu yote. Nawe nijibu moja tu: kitanda chenu ni kimoja, nusu ya pili ni ya nani?

Jovina


Murukulazo,
15 Desemba 1996

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza, nami nitakwambia.

Mwaka 1994 watu walipofurika nilikwenda kambini kuwatafuta wa kwetu. Nikamkuta Nimpaye, binti wa mama yangu mdogo, na watoto watatu wadogo. Mume hakuwa naye. Walikuwa wakiandikisha watu kwa ajili ya kadi za posho. Nimpaye akaniambia, "Dada, simama nami kwenye mstari. Tukiwa watano, unga utafika mwisho wa wiki." Nikasimama. Karani akaniuliza jina nikampa jina langu, na mahali nilipozaliwa nikasema kweli. Sikuona kosa. Sikula hata punje ya ule unga. Nilikuwa nasaidia, kama tunavyojihesabu watu wa nyumba moja kukiwa na msiba.

Sasa wanawaondoa kwa kufuata kadi. Kadi ya Nimpaye ina watu watano, na wao ni wanne. Kuna wenyeji wengine waliojiandikisha, nao wanatafutwa. Nisipotokea, Nimpaye ndiye atakayebanwa aseme nilipo. Nikitokea, mimi ni mkimbizi kwa maandishi yangu mwenyewe. Sina karatasi nyingine yoyote inayosema vinginevyo.

Nimeamua kwamba wakija nitakwenda. Baba yako anasema twende wote. Kwa mgongo ule? Atafika kwenye kona ya kwanza. Na kahawa nani ataichuma? Kwa hiyo nusu ni yake, abaki akilala vizuri. Nusu ni yangu, kwa sababu huko niendako sina hata mkeka. Nadhani umenielewa. Usinililie, tuma godoro.

Mama yako,
Eustakia


Biharamulo mjini,
18 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo.

La mpira nimeliuza jana. Lilinunuliwa na mwalimu mmoja anayetoka Nyantakara. Nimeliuza kwa makusudi, na Ndassa anajua kwa nini. Safari hii hakutoka nje.

Anold anakuletea lenye springi. Hili halikatwi. Nimelitazama kwa ndani: waya zake zimeshikana kutoka ukingo hadi ukingo, ukitia kisu utaharibu lote. Ni la watu wawili, au si la mtu.

Unikasirikie ukipenda.

Mwanao,
Jovina


Murukulazo,
24 Desemba 1996

Kwa mwanangu Jovina,

Marahaba. Nipo Murukulazo, hilo ulijue kwanza. Baba yako mzima.

Anold alifika Ijumaa saa nne asubuhi. Godoro halikupita mlangoni. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukajaribu na dirisha. Majirani wakajaa. Nilitamani ardhi inimeze: bibi mzima, godoro langu limesimama uani na kila mtu analipapasa. Priscila akapiga vigelegele. "Idefonsi, unaoa tena? Mgongo huo utaweza?" Baba yako akamwambia, "Mgongo ni wangu, wewe unakuuma nini?" Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Akaleta tindo na nyundo, akaanza kung'oa fremu ya mlango.

Ndipo pikapu ikaja. Mbele karani wa kambi, nyuma askari wawili, na kati yao Nimpaye na watoto wake watatu. Karani alikuwa ameambiwa kwamba mtu wa tano anaishi Murukulazo. Akafungua daftari. "Eustakia ni nani hapa?"

Hakuna aliyejibu. Kweli hapa mimi ni Mama Jovina. Lakini jina langu mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa palepale, analijua, na Priscila analijua zaidi. Tulisoma elimu ya watu wazima benchi moja. Priscila ndiye aliyesogea mbele. "Bwana mkubwa, hapa tuna Mama Jovina, mume wake, na godoro lisiloingia ndani. Kama vijana wako wana nguvu, waseme."

Karani akampita. Akamgeukia Nimpaye. "Yuko wapi wa tano?"

Nimpaye akanitazama. Akatazama godoro. Akamtazama Baba yako na nyundo yake.

"Alikufa," akasema. "Kipindupindu. Mwaka ule wa kwanza."

"Na posho yake uliyokuwa unachukua miaka miwili?"

"Tulikuwa na njaa."

Askari mmoja akaandika. Ameandika nini, na huko atafanywa nini kwa hilo, sijui. Kisha karani akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, "Mama, mwanamke huyu unamfahamu?"

Mwanangu, nguo zangu zilikuwa zimefungwa tayari nyuma ya mlango uleule. Nilikwisha kumwambia Mungu na Baba yako kwamba nitakwenda. Na mtoto mdogo wa Nimpaye alikuwa amevaa sweta niliyomfumia mimi.

Nikasema, "Hapana."

Karani alipopanda, Nimpaye akagonga ubavu wa gari kwa kiganja ili dereva aondoke. Hakugeuka.

Priscila akaenda zake bila kuaga. Anold akajifanya anakagua tairi. Nilibaki nimesimama palepale. Baba yako naye alisimama na nyundo mkononi, akanisubiri muda mrefu. Kisha akasema, "Fremu imetoka. Shika upande ule."

Nikashika.

Mama yako,
Eustakia