Ulikuwa Sahihi Kuhusu Roka, Mutua

Mutua ndugu yangu,

Imekubali! Naanza na hilo kwa sababu najua salamu ndefu zingekuchosha. Injini ya mashine ya kusaga ya Nduku wako imekubali. Hii ni wiki ya sita inawasagia watu wa Kalama mahindi, na moshi hakuna. Hakuna kabisa! Wewe ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea, tena nilikosea nikipiga kelele.

Unaikumbuka ile siku pale gereji yetu, injini iliporudi mara ya pili inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Nikasema bushi za valvu, vile vibomba ambamo mikia ya valvu hupita, ni mbovu, tuweke zingine. Wewe ukashika roka, ule mkono mdogo wa chuma unaokandamiza valvu ifunguke, ukaniambia, "Kioko, bushi hazina makosa. Viti vya valvu vimekatwa mara nyingi, valvu imezama, mkia wake umechomoza juu. Roka imebaki chini, kwa hivyo inaisukuma valvu kwa ubavu. Itakula bushi yoyote utakayoweka."

Nami nikakujibu mbele ya wateja kwamba wewe ni fundi wa kuchora tu, si wa kufungua nati. Watu wakacheka. Ulipangusa mikono, ukaenda kunywa chai. Tukaweka bushi mpya, vile nilivyotaka mimi.

Halafu ile homa ya mapafu. Siku tisa tu, Mutua. Nilikuja wodini nikakuletea maziwa, nikakaa pale kitandani nikiongea habari za mpira. Mpira! Neno la kuomba msamaha nilikuwa nalo na sikulitoa.

Miezi minne baada ya kukuzika, moshi ukarudi. Mashine ikasimama. Akina mama wakawa wanabeba mahindi mpaka mjini, na Nduku akabaki na watoto watatu wa shule na mashine isiyolia. Alikuja gereji mwenyewe. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Shemeji, Mutua alikuwa akisema roka imekaa vibaya. Umewahi kuangalia?"

Sikuwa nimewahi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kalama. Nikafungua kifuniko, nikafanya vile ulivyokuwa ukifanya: Nduku akakwangua masizi chini ya sufuria, nikayachanganya na tone la oili, nikapaka mkia wa valvu, nikazungusha injini kwa mkono. Nikatoa roka nikaangalia pale ilipofuta masizi. Aiya, Mutua! Alama ilikuwa pana, yote imekaa ukingoni. Kitu ulichokisema kilikuwa kimeandikwa pale kwa weusi, na ningekiona siku ile ile kama ningeinama tu.

Nikakata vibati vya chuma vya kuweka chini ya miguu ya shafti inayobeba roka, ili zote ziinuke. Nilikuwa nishaanza kufunga nati Nduku aliponiuliza, "Na oili itapitia wapi?" Kumbe nilikuwa nimesahau tundu! Oili ya roka inapanda kupitia mguu mmoja, na mimi nilikuwa naiziba. Sijui ulimfundisha lini huyu mama. Nikafungua, nikatoboa.

Kibati kimoja: alama ikasogea. Viwili: ikasogea tena, ikaanza kuwa nyembamba. Nikaongeza cha tatu, chembamba kama karatasi, nikarekebisha nafasi ya kila valvu, nikazungusha. Mstari mmoja mwembamba, katikati kabisa. Valvu ikifika nusu ya safari yake, roka inakaa pembe mraba nayo, inaisukuma chini wima. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Tukaweka bushi mpya, tukafunga mkanda, tukawasha. Mlio wake, Mutua! Ile kelele ya kugongagonga tuliyoizoea ilikuwa imeisha. Niliweka kitambaa cheupe kwenye egzosi, pale moshi unapotokea, na kikabaki bila doa la oili. Nduku alicheka, halafu akakaa juu ya gunia akalia, nami nikalia hapo hapo huku injini inanguruma na wateja wanauliza kama tunasaga ama hatusagi.

Tulisaga.

Sasa kila silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, inayoingia gereji napaka masizi kwanza. Nimeshapata zingine mbili zenye ugonjwa huo huo. Wateja waliokucheka siku ile, nimewaambia mmoja mmoja ni nani aliyejua na ni nani aliyekuwa mjinga. Ningetaka kukuambia wewe kabla yao. Nisamehe, ndugu yangu.

Jumamosi naenda Wamunyu. Kuna mashine huko imewashinda mafundi watatu, na wote wamebadilisha bushi. Nduku anakuja nami, amesema anataka kushika spana mwenyewe. Tukimaliza, na wakiuliza nani alitufundisha kazi hii, tutawatajia jina lako, na nakuahidi hawatalisikia mara moja tu.

Tiwa nesa, baki salama, Mutua.

Wako,
Kioko