Mizani Niliyoigeuza Koboko

Mjukuu wangu Poni,

Hapa Awindiri sote wazima, na bibi yako amevuna simsim. Umeuliza wakulima wataiaminije kompyuta yako ya kupima mavuno na kukokotoa kodi.

Mwaka 1974 nilipima tumbaku ya wakulima kwenye ghala la Koboko. Uso wa mizani niliuona mimi tu, basi wakulima wakaogopa kupunjwa, wakaacha kuja. Ghala likakaribia kufungwa. Nikaigeuza mizani iwatazame wao.

Mama Keji, mkulima, akampandisha mumewe kwanza. “Huyu walimupima jana hospitali. Tuone kama mizani yako iko na akili.”

Mshale ukasimama palepale, kwenye uzito wa hospitali.

“Mzee, shuka,” Mama Keji akamwambia mumewe. “ Tumbaku ipande.”

Watu wakacheka, wakapanga foleni. Namshukuru mama yule hadi leo. Nawe waache waijaribu kwanza, hata kwa waume zao.

Babu yako anayekuombea