Hata Eliya Alihemea

Jumatatu, 18 Novemba

Mimi Stefano, umri wangu miaka sabini na miwili. Nilizaliwa njaa ya Mtunya, mama akichimba mizizi na mimi mgongoni. Nimepita njaa zote zilizofuata. Nimemuona Mwingereza akifunga mizigo. Nimepita Operesheni ya vijiji, tembe letu likabomolewa, nikajenga jingine. Nimepita miaka ya foleni za sabuni. Meno yangu yapo, yamepungua matatu tu. Hapa Nzuguni wa rika langu waliobaki hawawezi hata kusimama bila fimbo. Mimi jembe nashika.

Leo nimemaliza kupanda. Kavukavu, udongo kama jivu. Nimepanda uwele wote. Wenzangu wamepanda nusu, nusu wameitunza juu ya moshi, maana mvua ya kwanza hudanganya. Ndivyo baba zetu walivyofundisha. Mimi nimekataa. Anayemwamini Mungu nusu atavuna nusu.

Marita mke wangu alikuwa anapepeta makapi ambayo hayana kitu. Simpendi akinyamaza.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani. Nilisimama kutoa ushuhuda. Katekista Elieza alinionyesha mkono nikae, mara mbili. Sikukaa. Nikawaambia nimepanda yote, sikubakiza hata punje, wao je? Mama mmoja nyuma akasema, "Na kanga wa porini wamesikia, babu, watakuja kufukua." Watu wakacheka. Ndani ya nyumba ya Mungu. Hata Nuhu alichekwa, na waliocheka wako wapi?

Njaa imekaa vibaya. Malori ya wafanyabiashara yanapita kuchukua mbuzi, na mtu anamtoa mbuzi kama anatoa takataka. Mjini maduka yamejaa. Mafuta ya kupaka, biskuti, nguo za mitumba zimening'inia mpaka barabarani. Zamani vitu havikuwepo. Sasa vipo, tunavitazama.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua! Nilitoka bila shati. Marita alinikemea nitapata vichomi. Nimeimba pambio zote ninazozijua na nyingine nimetunga. Sauti yangu bado nzuri, ilifika mpaka kwa katekista, kasema mwenyewe.

Jumatatu, 9 Desemba

Uwele umeota. Kila shimo lina majani mawili kama masikio ya mbuzi mchanga. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia. Sikuingia, nilisimama mlangoni tu. Yule mama wa kanga nilianza naye.

Jumamosi, 14 Desemba

Jua.

Alhamisi, 19 Desemba

Umekufa. Shamba lote. Ukishika jani linavunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nimetembea mpaka mwisho wa shamba, nikarudi, nikatembea tena. Labda kona ya kichuguu. Hapana.

Wenzangu nao wameunguliwa. Lakini wana nusu yao. Wanangoja mvua ya pili. Mimi nikingoja mvua ya pili nitaikaribisha na nini?

Nina hasira na Mungu. Nimeandika hivyo. Yeye anajua kusoma kuliko mimi, hakuna haja ya kuficha. Nimesali hivyo hivyo nikiwa na hasira. Kumuacha siwezi, nitakwenda kwa nani?

Jumamosi, 21 Desemba

Serikali imeleta mahindi ya msaada, ya njano. Nilisema sipangi foleni, foleni nilizipanga za kutosha miaka ile. Marita akapanga. Ugali ukatoka rangi ya kiini cha yai, ladha ya ukuta. Nilikula. Nikaongeza.

Baada ya kula nikasema mimi nitakaa hapa hapa nisali, Mungu atanipa mbegu. Eliya si aliletewa nyama na kunguru pale kijitoni, amekaa?

Marita akasema, "Malizia."

"Nimalizie nini?"

"Kijito kikafanyaje?"

"Kikakauka."

"Halafu?"

Akamalizia yeye. "Akaambiwa ainuke aende kwa mjane, nchi ya watu. Akafika akaomba maji, akaomba na mkate. Hata Eliya alihemea, baba Lameki. Wewe ni nani?"

Kuhemea! Mimi! Kubeba gunia tupu mpaka mlangoni kwa mtu, kusema nina njaa. Watu wamehemea kwangu, tena wengi, wanangu mashahidi kabla hawajahamia Dar es Salaam. Mimi sijawahi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi nitakwenda mimi," akaanza kutafuta viatu. Goti lake limevimba kama kibuyu. Hawezi kufika hata kisimani bila kupumzika.

Ni mkaidi sana huyu mwanamke. Sijui kautoa wapi ukaidi.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Hakuna nyumba iliyopika wali. Watoto wamevaa nguo safi zilezile za mwaka jana, mikono imekuwa mifupi. Tuliimba vizuri hata hivyo. Tumbo likiwa tupu sauti inapata nafasi. Katekista alihubiri maneno machache, nadhani alikuwa na njaa. Ilikuwa Noeli nzuri. Sielewi kwa nini, lakini nilirudi nyumbani mwepesi.

Marita ameshona gunia lililotoboka. Hakuniangalia. Nimemwambia nitakwenda Mtera kumsalimia kaka yake Ndahani. Akasema, "Msalimie sana."

Ijumaa, 27 Desemba

Nimefika Mtera. Nilipanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu. Sasa nanuka perege.

Shemeji Ndahani analima kandokando ya bwawa. Maji yakirudi nyuma yeye anayafuata na jembe, udongo unyevu, anavuna hata mwaka kama huu. Hajabatizwa. Miaka zaidi ya arobaini tunataniana na yeye, na sikumbuki siku aliyonishinda. Yeye anakumbuka nyingi.

Alikuwa anatengeneza mpini. Akanipigia kelele kutoka mbali, "Shemeji! Umeletwa na Yesu au na njaa?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu anayehemea anasema mwenyewe, akifika, kabla hata ya kunywa maji. Nimekuja kuhemea. Akisema hivyo mwenye nyumba hawezi kumkatalia. Lakini akisema amekuja kusalimia, basi ni mgeni. Mgeni analishwa, anachekeshwa, anasindikizwa mikono mitupu, maana kumtwika nafaka mgeni ambaye hakuomba ni kumtukana kuwa ana njaa. Hili mimi mwenyewe nimewafundisha vijana.

Nikasema, "Nimekuja kukusalimia tu."

Ndahani akanitazama. Gunia nilikuwa nimelikunja ndani ya koti.

"Koti lako limenenepa, shemeji," akasema. "Wewe mwenyewe umekonda."

Nikanywa maji.

Jumamosi, 28 Desemba

Ugali wa uwele na samaki. Nimekula mpaka nikaona aibu, halafu aibu ikaisha nikaendelea. Nikamfikiria Marita na ule wa njano. Kipande cha mwisho nilikirudisha sahanini.

Ndahani amenipeleka kutazama ghala. Nilishalitazama jana. Akapiga ukuta kwa kiganja, likaitika kwa sauti nzito, sauti ya kitu kilichojaa.

"Panya wangu hawa wanene kuliko katekista wako."

"Katekista wetu ana chakula cha roho," nikamwambia.

"Ndiyo maana ukimtazama unaona mpaka ng'ambo yake ya pili."

Mkewe Mbeleje akamwambia, "Muache mzee wa watu." Ndahani akasema hajamshika, mzee amekuja kusalimia na yeye anaitika.

Koti sijalivua. Joto la Mtera si mchezo. Natoka jasho kama niliyefanya kazi.

Jumapili, 29 Desemba

Asubuhi nilikwenda ukingoni mwa bwawa kusali peke yangu, kanisa liko mbali. Maji mengi namna ile, mtu wa Nzuguni anaweza kulia. Nikamwambia Mungu aseme na Ndahani. Ana njia zake. Aliwahi kusema kwa kinywa cha punda, Ndahani hawezi kumshinda.

Mchana tukakaa kula. Nikaomba kuombea chakula, kama kila siku. Leo nikaomba kwa urefu kidogo. Nikasema, Baba, unalijua tumbo la Marita. Unajua uwele wangu umeungua wote. Unajua gunia liko wapi. Gusa moyo wa mtu, Baba, hapa karibu. Amina.

Nikafumbua macho. Ndahani hakuwa amefumba ya kwake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umemuomba vizuri sana. Lakini ghala hili la kwangu. Mimi mbona huniombi?"

"Nimemuomba yeye aseme na wewe."

"Ameshasema, shemeji. Tangu juzi. Kasema nikuache na koti lako mpaka ufungue hilo domo."

Mbeleje alicheka mpaka akaweka upawa chini. Mimi nilikasirika. Nilitaka kuinuka, nitembee kwa miguu mpaka Nzuguni, nife njiani nizikwe na heshima yangu. Nikaiona heshima yangu inashuka kaburini na Marita amekaa nyumbani na goti lile, anasikiliza kama kuna mtu anakuja.

Nikasema, "Nimekuja kuhemea."

Nikafungua kifungo cha juu cha koti.

Ndahani hakucheka. Nilijiandaa acheke, nilikuwa na jibu tayari. Hakucheka hata kidogo. Aliinuka na ugali mkononi hajautia mdomoni, akaenda kufungua ghala. Akaniita, "Njoo na hilo koti." Alijaza mbegu kwanza, akafunga kamba katikati ya gunia, juu yake akajaza ya kula. Mkono wake haukupima.

Akasema, "Mbegu hii haichelewi kukomaa. Lakini usipande yote, hata Mungu wako akikuambia."

"Hakuniambia. Nilimsemea."

Sijui kwa nini nililisema hilo. Lilitoka.

Halafu akauliza kama mtu ambaye hajabatizwa anaweza kuomba mvua kwa huyo Mungu, au kuna mlango wake wa nyuma. Nikamuuliza mvua ya nini, yeye ana bwawa. Akasema, "Ya kwenu. Nisije kupoteza gunia langu bure."

Tukaomba. Safari hii alifumba. Nilichungulia nikaona.

Jumatano, 1 Januari

Nimerudi. Kutoka barabarani nimebeba mwenyewe. Vijana walitaka kunisaidia, nikakataa, halafu nikakubali kidogo kwenye mlima.

Marita aliingiza mkono katika gunia mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Akauliza, "Kaka hajambo?" Nikasema hajambo, mjinga kama kawaida. Akapika. Tukaomba, tukala. Bakuli moja amempelekea yule mama wa kanga, ana wajukuu watano na baba yao hajulikani alipo. Nilitaka kusema neno. Nikamfungulia mlango.

Jumamosi, 4 Januari

Mvua. Si ya mchezo, imeshuka mchana kutwa. Nimepanda nusu. Katekista alipita barabarani akanikuta shambani, akauliza, "Mzee, leo nusu?" Nikamwambia aangalie shamba lake.

Nusu ilinisumbua mkono. Nilizoea kumwaga. Lakini nilipanda nikiwa na amani, na nilipofika mwisho sikuwa na haja ya kumuonyesha mtu.

Jumapili, 12 Januari

Usiku imenyesha tena, kidogo. Sijaenda kutazama shamba. Litanikuta. Kama limeota limeota, kama halijaota nitajua kesho, leo ni siku ya Bwana.

Kanisani katekista aliniuliza kama nina ushuhuda. Nikasimama. Nikawaambia nimehemea. Mimi, kwa umri huu, mpaka Mtera, juu ya lori la samaki, na nimerudi na gunia limejaa mpaka mdomoni, na hakuna mzee wa wilaya hii aliyewahi kuhemea kama nilivyohemea mimi. Vijana wanahemea siku hizi wanarudi na vibaba. Nikaeleza na namna ya kusema ukifika mlangoni, maana wengi hawajui. Marita alitoka nje. Nilimuona kupitia dirishani, amejishika kwenye ukuta, mabega yanacheka.

Sasa yuko jikoni anasonga. Nasikia mwiko. Mlenda upo. Goti lake bado, lakini leo ameimba. Mimi nimekaa mlangoni, miguu iko nje inapata unyevu. Sina ninalolidai.

Haya yote ni kweli. Asiyeamini amuulize Marita, aliyeingiza mkono. Amuulize katekista Elieza, alinisikia kanisani na alinikuta shambani. Amuulize na shemeji Ndahani wa Mtera, hajabatizwa lakini hasemi uongo. Isipokuwa habari ya koti. Hiyo anaiongezea chumvi.