Sindano Isiyotoa Damu

Mjukuu na mume wangu Ndahani,

Marahaba. Barua yako imefika, na sisi hapa Ihumwa tuko salama. Uwele umekomaa, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike.

Unauliza kama ni kweli sindano za Wachina hutuliza moyo wenye wasiwasi. Mimi nilichomwa, enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa ikijengwa hapa. Babu yako alikuwa amechukuliwa upagazi, na ya siku zile tuyaache. Moyo ulinidunda hata nikiwa nimekaa. Mchina mmoja, fundi mawe wa reli, Kiswahili chake kibovu kama changu, akanionea huruma, akaniambia niende anitibu.

Nikamwendea na wembe na majivu ya dawa, maana kwetu dawa huingia kwa chale. Akanichoma sindano nyembamba mkononi, na damu haikutoka.

"Sasa dawa itaingilia wapi?" nikamwuliza.

"Haiingii kitu. Kaa, pumua."

Nikakaa, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu babu yako aondoke. Nilipoinuka akauonyesha kwa kidole wembe wangu, akanyoosha mkono wake.

"Mimi pia," akasema, akijigusa kifua.

Kwao kulikuwa mbali kuliko alikopelekwa babu yako. Nikamchanja chale tatu, nikampaka majivu yangu.

Babu yako alirudi, namshukuru Mungu. Mchina yule reli ilimpeleka mbele, nami jina lake sikulijua. Nikiomba, humtaja hivi: yule mwenye chale zetu.

Bibi yako anayekupenda