Kiti cha Lisardo

Njia ya Kanisani,
Neda, Galisia.
2 Machi 1984.

Mpendwa mdogo wangu Dorinda,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Barua zako zote zimefika, na kila moja ilikuwa na swali lilelile mwishoni, nami sikuwa na jibu. Mtu asiye na jibu huahirisha kuandika, kisha huona aibu kwamba amechelewa, na aibu hiyo humchelewesha zaidi.

Natumaini wewe na shemeji Amaro hamjambo, na kwamba goti lake limepata nafuu katika kiangazi cha huko Buenos Aires. Mimi sina ugonjwa wa kutajwa. Nakula kidogo na nalala kidogo. Huku mvua haijakatika tangu Krismasi, na paa la ghala linavuja. Ng'ombe tumemuuza. Jirani yetu Ermitas anakusalimu. Bado anamsema kila mtu, akianzia na mimi.

Sasa nije kwenye swali lako. La, Lisardo hajapatikana. Unajua kwamba meli yao ilipozama, miili ya wenzake ilitupwa ufukoni kule Ayalandi, lakini wa kwake haukuonekana, wala mashua moja ya kuokolea haikuonekana. Ni kwa ajili ya mashua hiyo kwamba nimekataa misa ya wafu, na nimekataa jina la mwanangu lichongwe kwenye kaburi la ukoo. Kaburi liko mikononi mwangu, kwa hiyo neno langu limesimama hadi leo.

Sabela, mkewe, bado anaishi nami. Hajanikosea hata siku moja. Mwezi Januari aliniwekea supu mezani, akaketi mbele yangu bila kujipakulia, akasema, "Baba, mimi si mke wala si mjane. Kumlilia siwezi, kumngojea siwezi. Niache nimzike, hata kama ni jina tu." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionivunja. Kama angepiga kelele, ningejua la kumjibu. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mchonga mawe, naye atakuja baada ya Pasaka.

Ermitas, ambaye masikio yake hayazuiwi na ukuta, alinishika kesho yake uani. Akaniambia niende na Lisardo hadi Teixido, kwa Mtakatifu Andrea, kama mama yetu alivyokwenda na roho ya babu. Nikiweza kumwacha kule, basi amekufa. Nikishindwa, niendelee kungoja na supu yangu ipoe. Nilimkumbusha kwamba nimefundisha Kilatini maisha yangu yote na sitembei na mizimu. Akanitazama toka kofia hadi viatu. "Hicho Kilatini chako kimemrudisha?"

Nilikwenda, Dorinda. Sikungoja sikukuu ya Septemba, wakati njia yote inajaa watu na zumari. Sikutaka kuonwa.

Taabu ilianza kabla sijatoka nyumbani. Unakumbuka kwamba mama alikwenda makaburini, akagonga jiwe, akamwalika babu kwa jina lake. Mimi ningegonga wapi? Ermitas alisema gatini, pale Lisardo alipozoea kufunga mashua yake ndogo. Lakini gati si mahali pake; ni mahali alipoondokea. Niligonga mlango wa chumba chake. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeita darasa tupu, "Lisardo, naenda kwa Mtakatifu Andrea. Twende." Sabela alikuwa jikoni akiosha vyombo. Sauti ya vyombo ilikatika, wala haikurudi hadi nilipofunga mlango wa nje.

Njiani hapakuwa na mtu. Nyumba za wageni za Valdoviño zimefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza, na mchanga umeingia hadi milangoni. Mwanzoni niliona haya kuzungumza naye, ingawa najua kwamba marehemu asiyesemeshwa hupotea njia. Nilipoupita ufuko ule mrefu nilikuwa nasema kwa sauti. Nilimweleza habari za ng'ombe. Nilimwambia nani ameoa na nani ameondoka kwenda Uswisi. Juu ya majabali mvua haidondoki. Inakuja ubavuni kutoka baharini, na nilitembea upande wa nje ili imkose yeye.

Huko juu konokono alikuwa akivuka njia. Mama alitukataza tusikanyage kiumbe chochote katika njia ile, kwa kuwa huenda ni roho iliyochelewa kwenda kwa Mtakatifu. Nilisimama nikamngoja. Pale nilipokuwa nimelowa hadi mifupani, mzee mzima anayempisha konokono, nilijua kwamba Kilatini changu kimeniishia.

Teixido nilikuta chemchemi inatoka kwa nguvu. Nilikuwa na mkate wa hapa Neda mfukoni. Nikamega kipande nikitupe majini kama desturi: kikielea, ombi limekubaliwa; kikizama, limekataliwa. Mkono ukabaki hewani. Sikujua naomba nini. Kielee ili awe hai, au kielee ili apumzike? Nilikula kile kipande, Dorinda. Nilikula na uliobaki, nimesimama, kama mwizi.

Kanisa lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao mama mmoja aitwaye Balbina, naye alikuja na unga vidoleni, akinung'unika kwamba watu wenye akili huja wakati wa jua. Alifungua, akauliza nimekuja na nani. Nilimjibu kwamba nimekuja peke yangu.

"Peke yako?" akasema. "Mbona umeshikilia mlango?"

Kweli nilikuwa nimeushikilia, wazi kabisa, kofia mkononi, kama tunavyompisha mtu atangulie. Sikumbuki nilianza lini.

Hakunicheka. Aliniambia nimwache pale, maana ndiyo kazi ya mahali pale, na maneno yenyewe ni machache: nimtaje jina, nimwambie amefika, nitoke bila kugeuka. Kisha akaenda kungoja nje. Nilipiga magoti hadi miguu ikafa ganzi. Jina nililitaja. Kwamba amefika, sikuweza kumwambia. Nilipotoka, niliushikilia mlango tena. Balbina aliona, akafunga kufuli.

Nililala Cedeira, na asubuhi nikapanda basi la kurudi. Dereva ni Farruco, ambaye nilimfundisha na ambaye hakujifunza kitu. Nilimwomba tiketi mbili. Alitazama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," alisema polepole, "kwenda ndiyo viti viwili. Kurudi ni kimoja. Hata mimi niliyefeli najua." Nilimwambia akate mbili. Akakata.

Basi lilijaa njiani. Bibi mmoja mwenye kikapu cha kabichi alitaka kuketi karibu na dirisha, nami nikasema pana mtu. Angeweza kunitukana. Lakini ni mtu wa huku. Alipiga ishara ya msalaba, akakiinamia kiti kitupu. "Samahani, hatukuonana," alikiambia. Kisha akaniuliza marehemu anaitwa nani. Nikamjibu, "Lisardo. Ni mwanangu."

Kwa namna hiyo nimemkubalia mgeni mwenye kabichi kwamba ni marehemu, neno ambalo sijamwambia Sabela, wala wewe uliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Tena nimelisema huku nikimrudisha nyumbani.

Sabela alifungua aliponisikia nikigonga. Nilivua kofia. Aliona jinsi nilivyosimama kando ya kizingiti, akauliza, "Hukumwacha?" Alisogea, naye pia, kumpisha. Kisha akafunga mlango mwenyewe, akaenda kulia jikoni, na tangu hapo chakula anakiweka mezani na kuondoka.

Sijui la kufanya. Nikimkubalia, nitakuwa nimemzika mtu niliyempisha mlangoni. Nikimkatalia, nitamzika Sabela akiwa hai ndani ya nyumba hii. Nasali, na sala inazunguka palepale, kwenye kipande kile cha mkate.

Nisalimie shemeji Amaro, na Nélida, na Rubén pamoja na mkewe. Waambie mjomba wao anawakumbuka kila mmoja kwa jina. Mungu awalinde wote mlio ng'ambo, na kila atokaye mlangoni kwenu amrudishe kwa miguu yake.

Mchonga mawe anakuja Jumamosi inayofuata Pasaka. Siku nitakayompa neno, liwe ndiyo au liwe hapana, nitakuandikia jioni hiyohiyo, kabla sijavua koti.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye daima,
Hixinio